KWA NINI MVUA YA VULI HAILINGANI MWAKA HADI MWAKA

Somo kwa wakulima wa skimu, limeandikwa na karani wa ofisi ya kilimo

Kila ifikapo Septemba watu wengi huja katika ofisi za kilimo kuuliza jambo moja: Je, mvua ya vuli mwaka huu itakuwa nyingi au kidogo? Wengine wanataka kujua wapande ekari ngapi za maharagwe. Wengine wana mahindi yaliyokwisha kukauka shambani, nao wanaogopa yasije yakanyeshewa. Tena wako waliokopa fedha za mbegu na mbolea, na deni halingoji mvua. Swali hili ni la maana sana, na siku hizi lina jibu, ijapokuwa si jibu la yakini. Katika somo hili nitaeleza jibu hilo linatoka wapi, ili mkulima asikiapo utabiri katika redio ajue sababu zake, kisha aamue mwenyewe autegemee kwa kadiri gani.

Pepo mbili na zamu zake

Sisi wa Afrika ya Mashariki twaishi chini ya pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hivi mpaka Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini tangu Aprili au Mei mpaka Septemba. Watu wa pwani wamezijua pepo hizi tangu zamani, maana majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Nasi wa bara twazijua kwa njia nyingine: wakati zinapobadilishana zamu ndipo tunapopata mvua. Zamu ya kwanza huleta masika, mwezi wa Machi mpaka Mei. Ya pili huleta vuli, mwezi wa Oktoba mpaka Desemba.

Anayezibadilisha zamu hizo ni jua. Mwezi wa Machi jua hupita juu ya ikweta likielekea kaskazini, na mwezi wa Septemba hupita tena likirudi kusini. Mahali linapochoma sana, hewa hupata joto na kupanda juu, na hewa nyingine hukimbia kujaza nafasi yake. Hivyo kuna ukanda wa mawingu na mvua unaolifuata jua, ukichelewa nyuma yake majuma kadha. Ukanda huu hupita kwetu mara mbili, kama mchungaji apitaye njia moja na ng'ombe wake asubuhi akienda na jioni akirudi.

Sasa tazama shida iliyopo hapa. Jua halichelewi wala halikosi njia. Kama jua lingekuwa ndilo sababu peke yake, basi vuli ya kila mwaka ingefanana na ya mwaka uliotangulia. Lakini vuli ya 2019 ilivunja madaraja na kuporomosha milima huko Pokot Magharibi, na vuli ya 2021 ikawa kidogo hata ng'ombe wakafa kwa maelfu katika kaunti za kaskazini. Jua ni lile lile. Kwa hiyo yatupasa kutafuta sababu mahali pengine, na mahali penyewe ni baharini.

Meko ya bahari

Kila mama anayepika uji anaijua kanuni ninayotaka kuieleza. Sufuria ikipata moto, mvuke hupanda. Ndivyo ilivyo bahari. Hewa iliyo juu ya maji yenye joto hushika mvuke, huwa nyepesi, kisha hupanda. Ikifika juu hupoa, mvuke hugeuka mawingu, na mawingu huleta mvua. Lakini hewa iliyopanda mahali pamoja sharti ishuke mahali pengine, na pale inaposhuka mawingu hayajengeki, hata kama anga ina unyevu kidogo. Basi bahari ni kama jiko kubwa: penye meko pana mvua, na mbali na meko pana ukavu.

Katika mwaka wa kawaida meko ya Bahari ya Hindi yako upande wa mashariki, karibu na kisiwa cha Sumatra na visiwa vingine vya Indonesia. Huko hewa hupanda, na huku kwetu hushuka. Hii ni sababu mojawapo inayofanya nchi ya chini ya Kenya iwe na miiba na nyasi kavu, ingawa iko juu ya ikweta sawasawa na misitu ya Kongo na ya Indonesia.

Lakini miaka mingine meko huhama. Mnamo Mei au Juni upepo karibu na Sumatra huanza kuvuma kwa nguvu, husukuma maji ya juu yenye joto, na maji baridi kutoka chini hupanda kuchukua nafasi yake. Upande ule wa bahari hupoa. Ndipo upepo wa katikati ya bahari hugeuka, hutoka mashariki kuja magharibi, nao huyasukuma maji ya moto kuja pwani ya Afrika. Ukitaka kuliona jambo hili jaza maji katika karai, kisha pulizia kwa nguvu kutoka upande mmoja. Utaona maji yanavyokwenda upande wa pili. Kufika Septemba, Oktoba na Novemba, meko yamekaribia mlango wetu. Vuli ya mwaka kama huo huwa nyingi.

Wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Japani walilitangaza jambo hili mwaka 1999, wakaliita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Dipoli maana yake ni ncha mbili: ncha moja ikipata joto, nyingine hupoa. Ikiwa joto limezidi upande wetu, husemwa dipoli ni chanya. Ikiwa limezidi upande wa Indonesia kuliko kawaida, husemwa ni hasi, na vuli yetu huwa hafifu. Mkulima akiyasikia maneno hayo mawili katika redio asiyapite, kwa kuwa yahusu shamba lake kuliko habari nyingi zinazosomwa siku hiyo.

Mzee mmoja wa skimu ya jirani aliposikia kwamba dipoli huhesabiwa kwa tofauti ya nusu digrii ya joto hivi, alicheka. Akaniambia, "Mwalimu, hata chai yangu haipoi kwa nusu digrii." Ni kweli. Lakini kikombe cha chai si bahari yenye upana wa kilomita elfu kadha. Tena maji ya bahari yetu hukaa karibu na kipimo ambacho hewa huanza kupanda kwa nguvu, yaani digrii 27 au 28 hivi. Chungu kinachokaribia kuchemka hakihitaji kuni nyingi. Mwaka 2019 tofauti ya ncha hizo mbili ilifika digrii 2 hivi kwa majuma machache, na matokeo yake twayajua. Wakati ule ule Indonesia na Australia, ambazo meko yao yalikuwa yamezimika, zilikuwa katika ukame, na Australia ikateketea kwa moto wa misitu.

Swali lililoulizwa Bara Hindi

Sisi si watu wa kwanza kuuliza kwa nini mvua hukosa. Upepo wa kusi ukiisha kupita pwani yetu hauishii hapo. Huvuka ikweta, hupita Somalia, huzunguka juu ya Bahari ya Arabu, na kuanzia Juni huinyeshea India. Mtaalamu aitwaye Findlater aliyepima pepo za Kenya katika miaka ya 1960 aliona kwamba mkondo mkubwa wa upepo huo hupita juu ya mashariki ya Kenya, kimo cha kilomita moja na nusu hivi. Wenyeji wa huko wasikia upepo tu, na hali mamilioni ya wakulima wa India wanaungoja uwafikishie mvua. (Wenye mashamba makavu huko Tana River wana haki ya kununa kidogo.)

Mwaka 1877 mvua hiyo ya India ilikosa, na katika njaa iliyofuata watu walikufa kwa mamilioni. Serikali ya wakati ule ilitaka kujua kama jambo hilo lingeweza kutabiriwa. Baadaye kazi hiyo ilimfikia Gilbert Walker, mwalimu wa hesabu kutoka Uingereza, aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya India tangu 1904 mpaka 1924. Walker hakuwa na mitambo kama ya leo. Alikusanya vipimo vya hewa, joto na mvua kutoka nchi nyingi za dunia, akawapa makarani wake hesabu nyingi mno za kulinganisha. (Karani ye yote atawahurumia.) Akaona kwamba uzito wa hewa juu ya Bahari ya Hindi na uzito wa hewa juu ya Bahari ya Pasifiki huenda kama mizani ya dukani: upande mmoja ukipanda, wa pili hushuka. Na mizani ikiinama upande fulani, mvua ya India huwa hatarini.

Sababu ya mizani hiyo Walker hakuijua. Ilielezwa mwaka 1969 na Jacob Bjerknes, aliyeiunganisha na jambo ambalo wavuvi wa Peru, ng'ambo kabisa ya Pasifiki, walikuwa wamelijua kwa muda mrefu. Wavuvi hao waliona kwamba miaka mingine, karibu na Krismasi, maji ya pwani yao hupata joto na samaki hupotea. Wakaliita jambo hilo El Niño, yaani mtoto wa kiume, wakimkumbuka Mtoto Yesu. Ndilo jina tunalolisikia leo mpaka sokoni.

El Niño si mvua

Hapa naomba msomaji asome polepole, maana wengi wamekosea katika jambo hili. El Niño si mvua, wala si gharika. Ni kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi. Joto hilo huhamisha meko ya Pasifiki, na kuhama kwake hugeuza pepo hata katika Bahari ya Hindi. Mara nyingi pepo hizo huiamsha dipoli chanya, na dipoli ndiyo hutuletea vuli nyingi. Basi El Niño hubisha hodi, lakini mwenye kufungua mlango ni Bahari ya Hindi.

Ushahidi uko katika miaka tuliyoishi. Mwaka 1997 El Niño ilikuwa kali na dipoli ilikuwa chanya yenye nguvu. Wote wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka barabara zilizokatika, na homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu. Mwaka 2023 mambo hayo mawili yalikuja pamoja tena, na mafuriko yakafuata baada ya ukame mrefu.

Sasa tazama mwaka 1961. Mwaka ule ulianza kwa ukame uliomaliza ng'ombe wengi wa Wamaasai, kisha ukamalizika kwa mvua ambayo haikuwa imeonekana. Wazee waliopewa mashamba ya skimu za kwanza muda mfupi baadaye waliyakuta mabonde bado yana maji. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 mpaka kufika 1964. Lakini mwaka 1961 hapakuwa na El Niño katika Pasifiki. Ilikuwa ni dipoli peke yake. Mwaka 2019 nao Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, na mvua ikanyesha vile vile. Mwaka uliofuata ziwa likafikia tena kimo kile cha 1964.

Na mwaka 2015 je? El Niño ya mwaka huo ilikuwa mojawapo ya zilizo kali kabisa tangu vipimo vianze. Redio zilitangaza, serikali ilitenga fedha, watu walizibua mitaro. Lakini dipoli yake haikuwa na nguvu kama ya 1997, na vuli, ingawa ilizidi wastani sehemu nyingi, haikuwa gharika iliyongojewa. Watu wakasema wamedanganywa. Wengine mpaka leo wakisikia utabiri hutikisa kichwa na kusema, "Ni kama ile ya 2015." Naona hasira hiyo ina haki yake, kwa sababu walitangaziwa kama jambo la yakini, na halikuwa la yakini.

India nayo iliona hivyo hivyo. El Niño kali ya 1997 ilitazamiwa kuikosesha mvua, lakini mvua ikawa ya kadiri. Mwaka 2002 El Niño ilikuwa dhaifu kuliko ile, na mvua ya India ikapungua kwa karibu sehemu moja katika tano.

Kinyume cha El Niño huitwa La Niña, ambapo Pasifiki hupoa. Mara nyingi huja na vuli hafifu kwetu. Mwaka 2010 ilikuwa La Niña, na ukame wa 2011 ukafuata. Mwaka 2016 dipoli ilikuwa hasi yenye nguvu, vuli ikakosa, na Februari 2017 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. La Niña iliyoanza 2020 ilirudi miaka mitatu mfululizo, na katika nchi kavu za kaskazini na mashariki misimu mitano ya mvua ilikosa mmoja baada ya mwingine. Misimu mitano ni zaidi ya ghala ya mtu ye yote.

Kwa nini masika ni kaidi

Msomaji ataniuliza: Ikiwa bahari ndiyo yenye kuamua, mbona utabiri wa masika hukosea zaidi?

Dipoli huanza katikati ya mwaka, hukomaa wakati wa vuli, na Desemba au Januari, kaskazi ikianza, huvunjika. El Niño nayo hukomaa karibu na Desemba, kisha mara nyingi hufifia. Kwa hiyo mwezi wa Agosti bahari huwa imekwisha kuonyesha nia yake kuhusu vuli. Lakini mwezi wa Februari, tunapotaka habari za masika, bahari huwa kati ya nia moja na nyingine. Hana neno la kutuambia, au analo dogo tu.

Masika hutawaliwa na mambo yanayokuja na kuondoka upesi. Liko wimbi kubwa la mawingu lizungukalo dunia karibu na ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki, likirudi baada ya siku 30 mpaka 60. Liligunduliwa mwaka 1971 na Madden na Julian, Wamarekani wawili. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, nchi za milimani hupata mvua nzuri. Likiisha kupita, mvua husita. Mkulima ambaye mahindi yake yamefika magotini akaona majuma mawili ya jua kali, huenda ni wimbi hili limekwenda zake.

Ziko tena tufani za upande wa Madagascar. Tufani ikiwa mashariki ya kisiwa hicho huvuta upepo wenye unyevu kutoka Kongo ukapita juu yetu, kama ilivyokuwa Machi 2018, na mvua hunyesha kwa wingi. Ikiwa katika mlango wa bahari wa Msumbiji, unyevu huvutwa kwenda huko. Mwezi wa Machi 2019 tufani ya Idai iliipiga Msumbiji vibaya sana, na huku kwetu masika yakachelewa; sehemu nyingi zilingoja mvua ya kupandia mpaka mwishoni mwa Aprili. Hakuna awezaye kuiona tufani ya Machi akiwa Januari.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: utabiri wa vuli uchukuliwe kwa uzito zaidi kuliko utabiri wa masika. Kwa masika usitegemee sana utabiri wa miezi mitatu. Fuata ule wa siku saba unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, na uwe na mbegu ndani ya nyumba mapema.

Neno kwa ndugu wa Trans Nzoia, Uasin Gishu na Lugari. Mvua yenu haifuati sana mpango huu wa masika na vuli, kwa kuwa huendelea mpaka Septemba, nayo hupata unyevu wa Ziwa Victoria na wa Kongo. Mwaka wa El Niño waweza hata kuipunguza mvua ya Juni mpaka Septemba, halafu ukaleta mvua ya Oktoba na Novemba wakati mahindi yanangoja kuvunwa. Kwenu basi mvua nyingi ya vuli si neema moja kwa moja. Ni hatari ya kuvu.

Jinsi ya kuusoma utabiri

Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli wenye namba tatu. Huchukua mvua za miaka mingi iliyopita, kwa kawaida miaka 30, huipanga miaka hiyo kutoka wa mvua kidogo kabisa mpaka wa mvua nyingi kabisa, halafu huigawa mafungu matatu ya miaka kumi kumi: chini ya wastani, karibu na wastani, na juu ya wastani. Mwaka usio na dalili yo yote, kila fungu lina nafasi 33 katika 100.

Tuseme sasa utabiri wa kaunti yako unasema juu ya wastani 50, karibu na wastani 30, chini ya wastani 20. Wengi husikia "juu ya wastani" wakaondoka. Lakini maana yake ni hii: kama ungeishi miaka kumi yenye dalili kama hizi, mitano ingekuwa ya mvua nyingi, mitatu ya kadiri, na miwili ya mvua kidogo. Nawe hujui mwaka huu ni upi kati ya hiyo kumi. Kwa hiyo lima kwa kuitegemea ile mitano, lakini usilime kwa namna ambayo ile miwili ikitokea itakufilisi.

Ikiwa utabiri waelekea mvua nyingi, mwenye shamba la mteremko azibue mitaro na kutengeneza makinga-maji kabla ya Oktoba, maana Novemba udongo ukiwa umelowa jembe halifanyi kazi. Mbolea ya kukuzia itiwe mara mbili kidogo kidogo, kwa sababu mvua kubwa huiosha. Wenye viazi huko Kinangop na Ol Kalou waweke dawa ya ugonjwa wa kuoza majani karibu nao, si kwenda kuitafuta majani yakiisha kuwa meusi. Wenye mifugo katika nchi ya chini waulize mapema habari ya chanjo ya homa ya Bonde la Ufa. Chanjo hiyo hufaa kabla ya mafuriko. Mbu wakiisha kujaa na ugonjwa kuingia, sindano yenyewe huweza kuueneza kutoka mnyama hata mnyama.

Na mwenye mahindi yaliyokauka asiyaache shambani akingoja wavunaji wa bei nafuu. Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, la sivyo kuvu huingia na sumu yake, ambayo haiondoki kwa kupika. Asiye na kipimo afanye hivi: achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi cha robo pamoja na vijiko viwili vya chumvi iliyokauka vizuri, atikise kwa dakika mbili au tatu, kisha aiache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka chini yote, yamekaribia. Ayaanike tena siku moja au mbili za jua kabla ya kuyatia katika magunia.

Ikiwa waelekea ukame, mambo ni mengine. Katika Makueni na nchi zinazofanana nayo, panda katika udongo mkavu kabla ya mvua ya kwanza, ili kila tone likute mbegu ardhini. Chagua mahindi ya Katumani, ndengu, kunde au mtama. Ni afadhali ekari mbili zilizotiwa samadi na kufungwa matuta kuliko ekari nne zilizokwaruzwa. Na ng'ombe wa kuuzwa auzwe Septemba akiwa na nyama. Januari, kila mtu akiuza, bei itakuwa ya ngozi.

Jambo la mwisho ni kipimo. Utabiri ni wa kaunti nzima, lakini mlima na bonde hugawana mvua kwa ubaguzi. Watu wa upande wa mashariki wa Nyandarua wanajua wanachokipata, na wa Laikipia wanajua wanachokikosa. Chukua mkebe wenye mdomo na kitako vilivyo sawa, uuweke mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, upime maji yake kwa rula ya shule kila saa tatu asubuhi, uandike katika daftari, kisha uyamwage. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi, yaani madebe 200. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kazi hii, na hesabu ya madebe humpendeza. Ukiwa na daftari la miaka mitatu au minne, liletee afisa wa kilimo wa wadi yako siku utabiri wa vuli utakapobandikwa ubaoni, mlinganishe pamoja miaka ya dipoli chanya na ya hasi katika shamba lako mwenyewe.